Baiskeli inapiga kelele? Acha kunyonga, sikiliza

Kwa wanaobeba madumu ya mawese kwa baiskeli Mwandiga, Kigoma, kelele ni taarifa: kuna kitu kinalika.

Ili kujua inatoka wapi, nyonga kidogo, kisha acha baiskeli ijiendee yenyewe.

Ikikata: angalia pedali na cheni. Cheni kavu ifute vumbi, tia matone ya oili, futa inayozidi. Usitie mawese; huganda na kunasa vumbi.

Ikiendelea: inua gurudumu, lizungushe. Likikwaruza sehemu moja tu, ringi imepinda. Likichezacheza na kunguruma, huenda gololi zimelika. "Tik-tik" ya friwili ni kawaida.

Ukishika breki ikasaga chuma: raba zimeisha. Usiteremke mlima na mzigo, mwone fundi kwanza.