Picha Zilizokosa Wenyewe za Joubert Park

Mwaka 2004 msanii Terry Kurgan alifanya kazi na wapiga picha wa Joubert Park, katikati ya Johannesburg. Walikuwa kama 40, na kila mmoja alikuwa na mahali pake pa kusimama ambapo mwenzake hapaingilii. Kurgan alichora ramani ya vituo vyao, kisha akanunua bidhaa ambayo hakuna mwingine aliyeitaka: picha ambazo wateja walipigwa na hawakurudi kuzichukua. Wapiga picha walikuwa wamezitunza. Mteja huenda angetokea siku moja.

Bustani yenyewe ni kongwe kuliko karibu kila kitu kinachoizunguka. Ilitengwa miaka michache tu baada ya dhahabu kugunduliwa mwaka 1886, ikapewa jina la Jenerali Piet Joubert. Pembeni yake liko Jumba la Sanaa la Johannesburg, lililosanifiwa na Mwingereza Edwin Lutyens na kufunguliwa mwaka 1915. Chini ya ubaguzi wa rangi, sheria ya mwaka 1953 ilitenga hata mabenchi ya kukalia, na haikufutwa mpaka mwaka 1990. Kufikia hapo watu weusi walikuwa wamekwisha kuhamia maghorofa ya Hillbrow na mitaa ya jirani, sheria ipende isipende. Wakafuata wageni wa Zimbabwe, Msumbiji, Malawi na Kongo. Wote hao walihitaji picha ya kupeleka nyumbani: nguo safi, maua nyuma, uso wa mtu ambaye mji haujamshinda.

Biashara ya filamu ilikwenda kwa uaminifu. Mteja anapiga pozi, anatoa kianzio, filamu inapelekwa kusafishwa, naye anarudi siku nyingine kumalizia deni na kuchukua picha yake. Filamu ya kawaida ina picha 36, na kiwanda kimekwisha kuchapa namba pembeni, chini ya kila fremu. Namba hiyo inakwambia nani alitangulia na nani alifuata. Haikwambii anaitwa nani, alipigwa lini, wala anadaiwa kiasi gani. Hayo ilibidi yakae kwenye daftari, kwenye risiti au kichwani mwa mpiga picha. Likipotea daftari, picha inabaki na uso mtupu.

Mji huohuo ulikuwa na picha nyingine ambazo maelezo yake hayakupotea kamwe. Sheria ya mwaka 1952 iliwalazimisha Waafrika kubeba kitabu cha pasi, chenye picha, namba na saini ya mwajiri. Mfumo huo ulifutwa mwaka 1986. Dola ilijua vizuri sana thamani ya taarifa zinazoambatana na uso, na iliziweka kwa faida yake. Daftari la mpiga picha wa bustanini lilikuwa na kazi ya kiungwana zaidi: kumrudishia mtu sura yake.

Kisha zikaja kamera za dijitali, na ikaonekana kana kwamba daftari limejiandika lenyewe. Tangu mwaka 1995, chama cha viwanda vya elektroniki cha Japani kilipotoa kanuni za Exif, kamera huingiza ndani ya faili la picha tarehe, saa na aina ya kamera. Lakini kuna taarifa nyingine zinazokaa nje ya faili, mikononi mwa mfumo unaopanga mafaili kwenye kadi au diski: lilibadilishwa lini, mmiliki ni nani, nani anaruhusiwa kulifungua. Kila mfumo una tabia zake. FAT, unaotumika kwenye kadi ndogo za kamera, haumjui mmiliki kabisa, na saa ya mabadiliko huiandika kwa hatua za sekunde mbili. NTFS wa Windows na ext4 wa Linux huandika mpaka vipande vidogo mno vya sekunde.

Tuchukue picha moja. Imepigwa Joubert Park saa kumi jioni, kadi ni ya FAT. Mfumo huo huandika saa ya ukutani bila kusema ni ukuta wa mji gani. Kadi ikichomekwa kwenye kompyuta iliyowekwa saa za Nairobi, kwa kawaida husomwa kuwa saa kumi ya Nairobi, ambayo Johannesburg ni saa tisa tu. Ikinakiliwa kwenye ext4, kosa la saa nzima linaandikwa kama kweli. Exif nayo kwa muda mrefu haikusaidia, kwa sababu nafasi ya kutaja tofauti ya saa iliongezwa mwaka 2016 tu.

Picha za zamani zina mkasa mwingine. Mtu akiskani negativi ya mwaka 1976 na kutaka faili libebe tarehe ya kweli, Python, lugha ya kuandikia programu aliyoitoa Guido van Rossum mwaka 1991, inampa amri ya os.utime. Kwenye ext4 na NTFS tarehe inakubali. Kwenye kadi ya FAT, au ya exFAT iliyoirithi kalenda hiyo, haiwezekani, kwa kuwa kalenda yao inaanza tarehe 1 Januari 1980. Kwa kadi hiyo, miaka yote ya vitabu vya pasi kabla ya hapo haikuwahi kuwepo.

Python yenyewe ni mkweli kuhusu mipaka yake. Amri ya shutil.copy hunakili picha na ruhusa zake, ila tarehe ya zamani huiacha nyuma. Amri ya shutil.copy2 hujitahidi kubeba na tarehe, lakini maelezo yake rasmi yanaonya kuwa hata hiyo haibebi kila kitu: kwenye Linux mmiliki na kundi lake hupotea. Ipo pia st_ctime, mtego wa kila mgeni. Kwenye Windows imemaanisha siku faili lilipozaliwa. Kwenye Linux ni siku taarifa zake zilipobadilishwa mara ya mwisho. Skripti ileile, majibu mawili, na hakuna anayepiga kelele.

Pwani yetu ina hazina za namna hiyo. Capital Art Studio ya Ranchhod Oza ilifunguliwa Zanzibar mwaka 1930. Mombasa, wapiga picha wa kivuko cha Likoni, waliofuatiliwa na mtafiti Heike Behrend, walijenga vibanda vyenye mandhari ya kuchora na kuwapiga watu waliotoka bara kutafuta kazi, karibu sawasawa na wenzao wa Johannesburg. Sasa wajukuu wanaziskani picha za aina hiyo nyumbani na kuzirushiana kwa WhatsApp, ambayo kwa kawaida huiondoa Exif njiani.

Kwa hiyo anayehamisha picha za ukoo asianze na kunakili. Skripti ipite kwanza kwenye kadi, isome kwa os.stat taarifa za mfumo wa mafaili, na pia Exif ya kila picha, na iandike yote kwenye faili la maandishi la kawaida, pamoja na jina la mtu, mji na saa za mji huo. Faili hilo likae folda moja na picha, na lichapwe kwenye karatasi pia, wakati bado yupo bibi wa kuulizwa yule wa tatu kutoka kushoto ni nani.