Nywila za Wizi na Ishara Fiche za Mtandao

Nywila za wizi na ishara fiche za mtandao ni nyenzo mbili ambazo wadukuzi huzitumia kwa pamoja ili kuingia katika mifumo ya kompyuta isiyo yao na kukaa humo muda mrefu bila kutambuliwa. Ya kwanza huwapa ruhusa ya kuingia: ni neno la siri, ufunguo wa kidijitali au hati nyingine ya utambulisho iliyotolewa kihalali kwa mtumishi au kwa mashine, kisha ikaangukia mikononi mwa asiyestahili. Ya pili huwapa njia ya kuwasiliana: ni ujumbe mfupi unaopenyezwa ndani ya mawasiliano ya kawaida, kiasi kwamba walinzi wa mfumo huuona ukipita na wasiutilie shaka. Shambulio la namna hii halivunji kufuli lolote, kwa kuwa kwa upande wa kompyuta aliyeingia na nywila sahihi ndiye mwenye akaunti, na ndiyo maana kulitambua hutegemea zaidi kuona kisichokaa sawa katika mambo yaliyoruhusiwa kuliko kuzuia yaliyokatazwa. Miongoni mwa mifano iliyochunguzwa kwa kina zaidi ni udukuzi wa programu ya Orion ya kampuni ya SolarWinds ya Marekani, uliofichuliwa Desemba 2020.

Wizi wa hati za utambulisho

Wizi wa nywila una umri unaokaribia ule wa nywila zenyewe. Katika chuo cha MIT nchini Marekani, mfumo wa CTSS uliosimamiwa na Fernando Corbató mwanzoni mwa miaka ya 1960 uliwawezesha watumiaji wengi kuigawana kompyuta moja, kila mmoja akiwa na neno lake la siri na mgao wake wa muda. Mwaka 1962 mtafiti Allan Scherr, aliyeona mgao wake haumtoshi, aliagiza faili la nywila lichapishwe, na likachapishwa bila swali. Mifumo iliyofuata iliacha kuhifadhi nywila wazi, ikahifadhi badala yake heshi, yaani matokeo ya hesabu inayoigeuza nywila kuwa mfuatano wa herufi na tarakimu usioweza kurudishwa nyuma kwa urahisi. Hata hivyo, katika mitandao ya Windows heshi nayo iligeuka kuwa nywila, kwa sababu utaratibu wa uthibitisho uitwao NTLM humkubali mwenye heshi hata kama haijui nywila iliyoizaa, jambo ambalo Paul Ashton alilionyesha mwaka 1997. Mfaransa Benjamin Delpy alitoa mwaka 2011 programu ya Mimikatz, iliyodhihirisha kwamba Windows iliziacha nywila na heshi za watumiaji walioingia ndani ya kumbukumbu ya mashine, ambamo yeyote aliyekwisha kupata madaraka ya msimamizi angeweza kuzichota. Delpy aliitoa ili kuonyesha kasoro, lakini kwa muda mfupi ikawa zana ya kila siku ya wadukuzi.

Njia za kuzipata hati hizi si za ajabu. Barua pepe za hadaa humfanya mtumishi aandike nywila yake katika ukurasa bandia; nywila zilizovuja kutoka huduma moja hujaribiwa katika nyingine, kwa kuwa watu wengi hutumia nywila moja kila mahali; na pengine mdukuzi huchukua nywila moja ya kawaida akaijaribu kwa maelfu ya akaunti, kila akaunti mara moja tu, ili asiifunge yoyote kwa majaribio mengi. Kampuni ya Colonial Pipeline, ambayo bomba lake husafirisha mafuta kwenda mashariki mwa Marekani, ilisimamisha shughuli zake Mei 2021 baada ya kundi la DarkSide kuingia kwa nywila ya akaunti ambayo haikuwa ikitumika tena lakini haikuwa imefungwa, wala haikuhitaji hatua ya pili ya uthibitisho. Kampuni ililipa fidia ya bitcoin 75. Nchini Ukraine, Desemba 23, 2015, wadukuzi waliokuwa wamekusanya nywila za wahandisi kwa miezi kadhaa waliingia katika kampuni tatu za kusambaza umeme kupitia njia ileile ambayo wahandisi hao waliitumia kufanya kazi wakiwa mbali, wakazima umeme kwa wateja wapatao 225,000. Waendeshaji waliokuwa zamu waliona kishale cha kipanya kikitembea chenyewe kwenye skrini na kufungua swichi moja baada ya nyingine, na hawakuweza kukizuia.

Hatua ya pili ya uthibitisho hupunguza hatari hii bila kuiondoa. Pale inapotegemea ujumbe mfupi wa simu, mhalifu huweza kuihamisha namba ya mwathirika kwenye laini nyingine, hila inayofahamika vyema Kenya na Tanzania, ambako namba ya simu ndiyo pia akaunti ya fedha.

Ishara zinazojificha katika mawasiliano halali

Nadharia ya njia fiche za mawasiliano iliwekwa na Butler Lampson mwaka 1973, alipoeleza kwamba programu iliyofungiwa isiongee na nje bado inaweza kutoa siri kupitia jambo ambalo halikukusudiwa kubeba ujumbe, kama vile kuishughulisha mashine na kuipumzisha kwa mpangilio ambao mtazamaji wa nje anaweza kuusoma. Wadukuzi wa leo kwa kawaida hawahitaji ustadi wa kiwango hicho, kwa maana intaneti imewapa njia rahisi zaidi: mfumo wa majina ya vikoa, ujulikanao kwa kifupi kama DNS.

Mfumo huo, uliobuniwa na Paul Mockapetris mwaka 1983, hubadilisha jina la tovuti ambalo binadamu hulikumbuka kuwa anwani ya tarakimu ambayo mashine huitumia. Kompyuta inapotaka kufika mahali huuliza seva ya majina iliyo karibu nayo, na kama seva hiyo haina jibu, swali hupandishwa hatua kwa hatua hadi lifike kwenye seva ya mwenye jina. Hapo ndipo penye upenyo. Mdukuzi hununua kikoa chake, akaendesha seva inayokijibia, kisha programu hasidi iliyo ndani ya ofisi ya mwathirika huuliza anwani ya jina refu ambalo sehemu yake ya mbele ni taarifa iliyosimbwa. Kila kipande cha jina kinaweza kubeba hadi herufi 63, na vipande huweza kufuatana. Swali hupita kwenye seva halali za ofisi yenyewe mpaka limfikie mdukuzi, ambaye hujibu kwa anwani iliyobeba amri. Kompyuta inayouliza haihitaji kuruhusiwa kufika kwenye intaneti moja kwa moja; inatosha iruhusiwe kuuliza majina, na ni ofisi chache mno zinazoweza kulizuia hilo na kazi ikaendelea.

Udukuzi wa Orion

Orion ni programu ambayo wasimamizi wa mitandao huitumia kuangalia hali ya seva, ruta na vifaa vingine. Kwa kazi hiyo huwasiliana na karibu kila mashine katika taasisi, hupewa nywila zenye madaraka makubwa, na mara nyingi mafaili yake huondolewa katika ukaguzi wa programu za kupambana na virusi ili zisiisumbue. Ni vigumu kufikiria mahali pazuri zaidi pa kujificha.

Wadukuzi waliingia katika mtandao wa SolarWinds kufikia Septemba 2019. Waliweka katika mashine za kuundia programu hiyo zana ambayo kampuni ya CrowdStrike baadaye iliiita SUNSPOT, iliyongoja hadi kazi ya kuunda toleo la Orion ianze, ikabadilisha faili moja la msimbo kwa muda wa uundaji tu, kisha ikalirudisha faili la asili mahali pake. Msanidi aliyelifungua faili lake asubuhi hakuona tofauti yoyote. Toleo lililotoka lilikuwa na mlango wa nyuma ulioitwa SUNBURST, na kwa kuwa lilipita katika utaratibu wa kawaida wa kiwanda, lilitiwa saini halisi ya kidijitali ya SolarWinds. Kati ya Machi na Juni 2020 wateja wapatao 18,000 walipokea matoleo yenye mlango huo.

SUNBURST ilikuwa na subira isiyo ya kawaida. Baada ya kusakinishwa ililala hadi wiki mbili, ili mtu anayelijaribu toleo jipya maabarani asione kitu. Ilipoamka ilichunguza kama kuna zana za wachunguzi katika mashine na kama imo ndani ya mtandao wa SolarWinds wenyewe, na ikikuta hivyo haikuendelea. Ndipo ilipouliza DNS jina lililo chini ya kikoa avsvmcloud.com. Mwanzo wa jina hilo ulionekana kama herufi zilizotupwa ovyo, kumbe ulibeba kitambulisho cha mwathirika na jina la kikoa cha ndani cha taasisi yake, na sehemu iliyofuata iliigwa kutoka majina ya huduma za kompyuta za kukodi, kwa mfano us-east-1, ambayo msimamizi yeyote amezoea kuyaona. Jibu lililorudi lilikuwa amri: anwani ikiangukia katika kundi fulani, mlango ulijifunga daima, ikiangukia katika kundi jingine, uliendelea kungoja, na kwa wachache waliochaguliwa, jibu liliwaelekeza kwenye seva ya pili. Kwa njia hiyo maelfu ya taasisi yalichambuliwa kwa maswali ya majina peke yake, na zile zisizokuwa na thamani kwa wadukuzi ziliachwa bila kuguswa. Serikali ya Marekani ilieleza Februari 2021 kwamba walioingiliwa zaidi ya hatua ya kwanza walikuwa idara tisa za serikali kuu na kampuni binafsi zipatazo 100.

Kwa wachache hao mazungumzo yaliendelea kwa itifaki ya kawaida ya tovuti, yakiwa yamevalishwa sura ya taarifa ambazo Orion halisi huzituma kwa mtengenezaji wake. Amri zilitawanywa ndani ya maandishi yaliyofanana na orodha za vipande vya programu. Seva za wadukuzi zilipewa majina yaliyolingana na mashine za mwathirika, na mara nyingi zilikodiwa katika nchi ya mwathirika mwenyewe, ili wanapoingia kwa akaunti iliyoibwa anwani yao isishtue.

Baada ya hapo mlango wa nyuma haukuhitajika sana, kwa kuwa nywila zilichukua nafasi yake. Katika baadhi ya taasisi wadukuzi waliiba ufunguo wa siri wa seva inayotoa tokeni, yaani hati za muda ambazo mtumiaji huzionyesha kwa huduma nyingine ili asiulizwe nywila tena. Aliye na ufunguo huo hutia saini tokeni ya mtumiaji yeyote amtakaye, mkurugenzi au msimamizi mkuu, na huduma ya barua pepe huikubali bila kudai nywila wala hatua ya pili. Kampuni ya CyberArk ilikuwa imeieleza mbinu hiyo mwaka 2017 na kuiita Golden SAML, ikionya kwamba kubadilisha nywila ya mtumiaji hakuizuii, maana nywila hiyo haitumiki popote. Katika taasisi nyingine, kwa mujibu wa kampuni ya Volexity, wadukuzi haohao waliiba ufunguo uliounganisha seva ya barua pepe na mfumo wa uthibitisho wa hatua mbili, wakatengeneza wenyewe ushahidi kwamba hatua ya pili imekwisha kupitwa. Si kila mwathirika aliingiliwa kupitia Orion. Shirika la usalama wa mtandao la Marekani, CISA, lilieleza kwamba kubahatisha nywila kulitumika pia.

Ugunduzi na matokeo yake

Zana za ulinzi za idara zilizoingiliwa hazikutoa tahadhari yenye maana kwa miezi mingi. Kilichowafichua wadukuzi ni simu. Katika kampuni ya usalama ya FireEye, mkaguzi aliona kwamba akaunti ya mfanyakazi mmoja imesajiliwa simu mbili za kuthibitishia kuingia kutoka mbali. Alimpigia mfanyakazi huyo kumuuliza kama ndiye aliyeisajili ya pili, akajibiwa kwamba hapana. Uchunguzi ulioanzia hapo uliifikisha FireEye kutangaza Desemba 8, 2020 kwamba imedukuliwa, na siku tano baadaye kuitaja Orion. Usiku wa Desemba 13 CISA iliamuru idara za kiraia za serikali kuu ziizime au kuitenga programu hiyo. Aprili 2021 Marekani ilitamka rasmi kwamba wahusika ni SVR, shirika la ujasusi wa nje la Urusi, lakini Urusi ilikanusha.

Ishara zilizokusudiwa kufichwa ziligeuka kuwa ushahidi. Kwa kuwa seva nyingi za majina duniani huhifadhi kumbukumbu za maswali, watafiti walizikusanya, wakafumbua usimbaji wake na kusoma majina ya taasisi zilizokuwa na mlango huo, baadhi zikiwa hazijajua bado. Microsoft, FireEye na kampuni ya usajili wa vikoa ya GoDaddy zilikichukua kikoa chenyewe katikati ya Desemba na kukifanya kijibu kwa anwani iliyo katika kundi la kujifunga, hivyo amri ya wadukuzi ikatumika kuizima SUNBURST popote ilipouliza tena.

Hatua hiyo haikuwafikia waliokwisha kuhamia kwenye funguo zilizoibwa, na hapo kazi ya kusafisha ilikuwa ngumu zaidi. Taasisi zilielekezwa kubadilisha nywila zote ambazo Orion ilizishika, kufuta programu zilizoongezewa funguo na wasiojulikana, na kuubadilisha ufunguo wa kutia saini tokeni mara mbili mfululizo, kwa sababu seva huendelea kuuamini ufunguo uliotangulia hadi wa tatu uwekwe.