Picha Katikati ya Picha

Wazee wetu walituachia methali: chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Ni methali inayofaa sana sokoni Kibirizi, ambako mgebuka mbichi hauhitaji mpiga kelele. Lakini katika uchoraji haitoshi. Picha iliyofungiwa sandukuni haijiuzi, hata iwe njema namna gani; na iliyotundikwa nyumbani kwa mchoraji husifiwa na shangazi zake tu. Kipimo chake hupatikana siku inapowekwa ukuta mmoja na kazi za wenziwe.

Chuo cha Makerere kililielewa jambo hili mapema. Mwaka 1937 Bibi Margaret Trowell, Mwingereza, alianza kufundisha uchoraji barazani kwa nyumba yake kule Kampala. Aliwasimulia wanafunzi tukio, kisha kila mmoja akachora jinsi alivyoliona moyoni. Miaka miwili tu baadaye, 1939, kazi zao zilionyeshwa pamoja mjini London, katika Imperial Institute. Miongoni mwa wanafunzi wake wa awali alikuwamo Gregory Maloba wa Kenya, ambaye baadaye alitengeneza Sanamu ya Uhuru ya 1962 iliyoko Kampala. Leo Makerere ina jumba lake la maonyesho hapo hapo chuoni.

Sam Ntiro, aliyezaliwa Machame, Kilimanjaro, mwaka 1923, aliingia Makerere 1944 na kuikuta desturi hiyo ya kuonyesha kazi pamoja. Alisoma, akabaki kufundisha, kisha kati ya 1952 na 1955 akaenda kusoma Slade School, London. Hapa, ndugu msomaji, tutue kidogo. Mtu aliyekaa miaka mitatu kati ya wachoraji wa Ulaya angeweza kurudi akichora kama wao. Ntiro hakufanya hivyo. Aliendelea kuchora migomba, mavuno, na watu wengi wakishika kazi moja. Picha yake ya 1956, ya wanaume wakimpelekea bibi harusi pombe ya ndizi usiku, ilinunuliwa 1960 na Museum of Modern Art ya New York. Tanganyika ilipopata uhuru 1961, akawa Balozi wetu London.

Wako wanaodhani kwamba kuchanganyika na wengine humpotezea mtu kilicho chake. Mimi naona kinyume. Kazi yako ikitundikwa kati ya nyingi, ndipo unapotambua ni kipi ambacho hakuna mwingine awezaye kukileta. Mgomba wa Machame, ukiwa Machame, ni mgomba tu.

Katika miaka yangu ya kufundisha walimu nimeona michoro ya wanachuo ikisahihishwa, ikipewa alama, kisha ikirundikwa stoo hadi mchwa wakaimaliza. Alama zilibaki daftarini, picha zikatoweka. Baadhi ziliwahi kuonyesha mambo ya huku kwetu: taa za wavuvi zikiwa zimetapakaa ziwani usiku wa giza, na akina mama wakianika dagaa mchangani. Mwalimu ambaye hakuwahi kuona kazi yake ukutani atakumbuka vipi kuitundika ya mtoto?

Ntiro alifariki 1993, na wachoraji wa kwetu hawajakwisha. Maonyesho ya chuo hayadai fedha nyingi: misumari, kamba, na siku moja ya kuwafungulia watu mlango. Wakuu wa vyuo wakitoa ukuta, taa za Bangwe zitaonekana mbali na ziwa letu.