Tahadhari kwa wanaosaka dhahabu peke yao kwa ditekta

KIFAA cha kutambulia metali, ambacho wachimbaji wengi hukiita ditekta, kimekuwa miongoni mwa zana za wasaka dhahabu katika sehemu kadhaa za nchi, kuanzia Migori hadi Turkana na Pokot Magharibi. Tofauti na mwenye sururu na karai, ambaye aghalabu hufanya kazi na wenzake shimoni, mwenye ditekta anaweza kuzunguka porini siku nzima bila kuonana na mtu.

Upweke huo mara nyingi ni wa kujitakia. Aliyegundua mahali penye dalili za dhahabu hapendi kufuatwa wala kuulizwa maswali. Hata hivyo, upweke huo ndio hugeuza ajali ndogo kuwa msiba, kwani aliyevunjika mguu akiwa na mwenzake hubebwa, ilhali aliye peke yake huenda asionekane kwa siku kadhaa.

Jambo la kwanza, kwa hivyo, hufanyika nyumbani kabla ya safari. Mtu mmoja mwaminifu anapaswa kujua mahali msakaji anakokwenda, njia atakayoipitia, saa anayotarajiwa kurudi na la kufanya iwapo hatarejea. Si lazima habari hizo zienee kijijini, ila lazima awepo wa kuanza kumtafuta kabla ya giza kuingia.

Simu ijazwe moto, na betri ya akiba ibebwe. Mahali ambapo mtandao ni hafifu, ujumbe mfupi mara nyingine hupenya pale ambapo sauti haipiti, hasa mtu akipanda mwinuko. Filimbi nayo ni nyepesi, na mlio wake husikika mbali kuliko sauti ya mtu aliyechoka. Milio mitatu inayorudiwa kwa vipindi ni ishara inayojulikana ya kuomba msaada.

Kifaa hakitambui hatari

Ditekta hufanya kazi kwa kutuma nguvu za sumaku ardhini kupitia koili iliyo kwenye ncha yake ya chini. Nguvu hizo zikikutana na metali, metali hiyo hutoa mwitikio ambao kifaa huugeuza kuwa mlio. Dhahabu hulia, lakini pia hulia msumari, ganda la risasi, kifuniko cha soda na bomu ambalo halikulipuka. Baadhi ya mashine hujaribu kutenganisha chuma na metali nyingine, lakini hakuna iwezayo kumhakikishia mwenyewe kwamba kilicho chini hakina madhara.

Hili si jambo la kubahatisha nchini Kenya. Mnamo 2002, Wizara ya Ulinzi ya Uingereza ilikubali kulipa pauni milioni 4.5 kwa zaidi ya Wakenya 200, wengi wao wafugaji wa Samburu na Laikipia, waliojeruhiwa au kufiwa na jamaa zao kutokana na silaha zilizobaki katika maeneo ya mazoezi ya kijeshi. Miongoni mwa waathiriwa walikuwamo watoto waliookota vyuma hivyo wakiwa malishoni.

Anayesaka metali karibu na maeneo ya mazoezi ya wanajeshi au mahali palipowahi kuwa na mapigano anajitafutia kifo. Kipande kidogo cha dhahabu kwa kawaida hutambuliwa kikiwa sentimita chache tu chini ya udongo. Mlio mkubwa na mpana, unaoendelea hata koili ikiinuliwa juu, unaashiria chuma kikubwa, na haufai kufuatwa kwa pigo la sururu.

Akiona kitu kinachofanana na bomu, kombora au risasi kubwa, msakaji aache kuchimba mara moja. Asikiguse, asikisogeze, asikitupie jiwe wala asikibebe kukipeleka kituoni. Arudi nyuma kwa kufuata nyayo zake mwenyewe, aweke alama ya kuonekana akiwa mbali, na apige simu akiwa amekwisha kuondoka hapo. Chifu au kituo cha polisi kilicho karibu ndicho cha kuarifiwa, ili wataalamu wa mabomu waitwe. Nambari za dharura za polisi ni 999 na 112.

Mashimo ya kale

Dhahabu imechimbwa magharibi mwa Kenya tangu enzi za ukoloni. Mgodi wa Rosterman ulioko Kakamega ulifungwa katika miaka ya 1950, na ule wa Macalder ulioko Migori katika miaka ya 1960. Tangu hapo wachimbaji wadogo wamechimba mashimo mengine mengi, na baadhi yameachwa wazi na kufunikwa na nyasi au vichaka.

Mwenye ditekta yumo hatarini zaidi kwa kuwa macho yake yako kwenye koili na masikio yake yamezibwa na hedifoni. Inafaa sikio moja liachwe wazi, na mtu asimame kila baada ya hatua chache kutazama mbele na nyuma. Kwa njia hiyo atasikia pia hatua za mtu, mlio wa nyoka au kishindo cha nyati na ndovu kabla hawajamfikia.

Kamwe asiingie katika shimo lililoachwa, hata mlio ukiwa mkali vipi. Kuta zake zinaweza kuporomoka, na hewa ya chini huenda ikakosa oksijeni bila ya kuwa na harufu yoyote. Mtu hupoteza fahamu kabla ya kutambua kilichomkumba.

Nyoka, jua na maji

Moma ni nyoka mnene ambaye hujilaza tuli akifanana na majani makavu, na huuma anapokaribiwa mno. Viatu virefu vya ngozi na suruali nzito hupunguza hatari. Mkono usiingizwe chini ya jiwe au katika tundu. Jiwe ligeuzwe kwa kijiti kirefu au jembe.

Aliyeumwa asikate kidonda, asifyonze sumu wala asifunge kamba ya kukaza. Avue pete na saa kabla ya uvimbe kuanza, apige simu kuomba usafiri, na atulize kiungo kilichoumwa huku akisogea kidogo iwezekanavyo, kwa kuwa mwendo husambaza sumu upesi. Sumu ya swila ikiingia machoni, yaoshwe kwa maji mengi mara moja, kisha mtu afike hospitali.

Katika maeneo kame, joto huua kimyakimya. Maji yagawanywe mara mbili: nusu ya kwenda na nusu ya kurudi. Kichwa kikianza kuuma, kizunguzungu kikimshika mtu au jasho likikauka ilhali jua bado ni kali, kazi ikome na kivuli kitafutwe.

Wasakaji wengi hupendelea laga, yaani mito ya msimu iliyokauka, kwa sababu maji huteremsha dhahabu na kuiacha mchangani. Lakini mvua iliyonyesha milimani, kilomita nyingi kutoka hapo, inaweza kuleta mafuriko chini ya anga isiyo na wingu. Asilale mtu ndani ya laga, na akisikia mngurumo wa maji apande ukingoni bila kurudi kuchukua vifaa.

Radi nayo huua watu wengi magharibi mwa nchi. Ngurumo ikisikika, ditekta iwekwe chini na mtu atoke uwandani na chini ya miti mirefu, aingie katika jengo imara au gari lililofungwa. Asirejee kazini hadi dakika 30 zipite tangu ngurumo ya mwisho.

Sheria na wenyeji

Chini ya Sheria ya Madini ya 2016, madini yaliyo ardhini ni mali ya Jamhuri, na anayeyasaka anahitaji idhini. Ruhusa ya mwenye shamba au ya jamii inayomiliki ardhi ni ya lazima pia, na ni kinga: mgeni anayechimba bila kujulikana hudhaniwa mwizi. Akipata vitu vya kale, Sheria ya Makavazi na Turathi za Kitaifa ya 2006 inamtaka aarifu Makavazi ya Kitaifa ya Kenya katika muda wa siku saba.

Mwisho, aliyebahatika asitangaze alichopata sokoni wala barabarani, na asirudi kwa njia ileile kila siku. Dhahabu iliyo ardhini itamngoja hadi kesho; ikiwa mvua inakuja au giza linaingia, la busara ni kukunja ditekta na kurudi nyumbani.