Sheria ya Madagaska ilivyouma Nashville

Novemba 2009 maafisa wa serikali ya Marekani walivamia kiwanda cha magitaa cha Gibson kule Nashville. Hawakutafuta bunduki wala unga. Walibeba mbao.

Ndio, mbao. Ule ubao mweusi kwenye shingo ya gitaa, pale vidole hubonyeza nyuzi, mara nyingi ni eboni, na hii ilitoka Madagaska. Shida ni kwamba tangu 2006 Madagaska ilikuwa imepiga marufuku kuuza nje eboni ambayo haijatengenezwa ikaisha. Na Marekani kuna sheria ya 1900 inaitwa Lacey Act. Ilianza na wanyama wa kuwindwa, 2008 ikapanuliwa ikashika hadi miti: ukiingiza mbao zilizovunja sheria ya kule zilikotoka, umevunja sheria ya Marekani pia.

Wasee, soma hiyo tena polepole. Nchi maskini ya Afrika inatunga sheria, halafu kampuni kubwa ya Nashville inalazimika kuiheshimu. Hiyo umeiona mara ngapi?

Na Madagaska ilihitaji huo msaada. Machi 2009 rais alipinduliwa, serikali ikalegea, na wakataji miti wakaingia mbuga za Masoala na Marojejy kama shamba la mama yao.

Agosti 2011 maafisa wakarudi Gibson, sasa kwa mbao za India. Hapo ndipo kelele zilianza. Bosi wa kampuni, Henry Juszkiewicz, akalalamika kila mahali kwamba anaonewa, na wapinzani wa Obama wakamfanya shujaa. Tuseme ukweli, hiyo ya India ilikuwa nyepesi, mabishano ya unene wa ubao na nani aumalizie. Mbao zikarudishwa.

Lakini ya Madagaska? Manze, walijua. Kwenye makubaliano ya Agosti 2012 ilitajwa kwamba mfanyakazi wa Gibson alienda Madagaska 2008, akaelezwa marufuku hiyo, akawaambia wakubwa wake. Oda zikaendelea tu. Mwishowe kampuni ikalipa dola 300,000, ikatoa zingine 50,000 za kuhifadhi miti, na mbao za zaidi ya dola 261,000 ikaziachilia. Hakuna aliyefungwa.

Na kama bado unaona ni stori ya mbali, mwaka 2014 makontena ya mbao za Madagaska yalinaswa bandari ya Mombasa.