Kupunguza makorokoro nyumbani ukiwa mama kijana: nini kianze, nini kisubiri

Makala hii ni kwa ajili yako ikiwa wewe ni mama au mlezi kijana, unaendesha nyumba, na wakati huo huo unataka kuanza upya: kurudi shule, kujifunza ufundi, kufungua biashara ndogo au kupata tu nafasi ya kupumua.

Wengi huanza kwa kutaka kusafisha nyumba nzima siku moja. Asubuhi kila kitu kinatolewa nje. Mtoto analia, maji yanaisha, chakula hakijapikwa. Jioni vitu vinarudishwa vilivyokuwa, na mama amechoka kuliko jana.

Ushauri wetu ni huu: usianze na kona inayokuudhi zaidi. Anza na kitu kinachoweza kumdhuru mtoto, kisha vitu vinavyokula muda wako. Vitu vya moyoni viache mwisho. Ukifuata mpangilio huu, hata ukiishia njiani utakuwa umefanya sehemu iliyo muhimu kuliko zote.

Kabla ya kuanza: angalia mwili wako

Kama umejifungua hivi karibuni, usibebe magunia, ndoo kubwa za maji wala kusukuma kabati. Kama ulijifungua kwa upasuaji, katika wiki 6 za mwanzo usinyanyue kitu kizito kuliko mtoto wako mpaka mhudumu wa afya akupime na kukuruhusu. Kazi ya kupanga unaweza kuifanya umekaa, mtu mwingine akinyanyua.

Nenda kituo cha afya bila kusubiri ukiona damu nyingi, homa, kidonda kinachotoa usaha, maumivu makali ya kichwa, au mguu mmoja kuvimba na kuuma.

Hatua ya kwanza: vitu vya hatari

Tenga dakika 15 kwa siku, mtoto akiwa amelala au ameshikwa na mtu. Piga magoti ili uone chumba kama anavyokiona mtoto anayetambaa. Tafuta vitu hivi:

- Mafuta ya taa kwenye chupa ya maji au soda. Mtoto anaijua chupa, haijui sumu. Weka mafuta kwenye dumu lisilofanana na chombo cha kunywea, lifunge vizuri na uliweke juu asikofika. Fanya hivyo pia kwa dawa za kung'arishia nguo, dawa za choo na sumu ya panya.
- Dawa zilizobaki. Angalia tarehe ya mwisho ya matumizi. Antibayotiki ya maji iliyokwisha kuchanganywa haikai muda mrefu, kwa hiyo usiitunze kwa ajili ya mtoto atakayeugua mwezi ujao. Usizitupe dawa chooni wala jalalani ambako watoto huokota. Zipeleke zahanati au duka la dawa uulize wanavyoziteketeza.
- Betri ndogo za mviringo za saa, rimoti na wanasesere wanaowaka taa. Mtoto akimeza, betri inaweza kukwama kooni na kuunguza nyama ya ndani kwa muda wa saa mbili tu.
- Betri chakavu za gari au sola. Zina madini ya risasi, ambayo hudhuru ubongo wa mtoto. Usizipasue wala usizihifadhi chumbani. Mpe mnunuzi wa chuma chakavu zikiwa nzima.
- Ndoo na mabeseni yenye maji. Mtoto mdogo anaweza kuzama kwenye maji ya kina cha sentimita chache. Funika kwa mfuniko unaobana au mwaga.
- Makopo, vifuu na matairi uani. Mbu anayeeneza homa ya dengue huzaliana kwenye maji kidogo yaliyotuama na huuma mchana. Kutoka yai hadi mbu anayeruka huchukua kama siku 7 hadi 10, hivyo kumwaga na kusugua vyombo mara moja kwa wiki humkatisha njiani.
- Jiko la mkaa chumbani. Mkaa unaowaka hutoa kaboni monoksaidi, gesi ya sumu isiyo na harufu wala rangi. Usilale na jiko ndani hata kama moto unaonekana umekwisha. Ukiondoa makorokoro barazani, mara nyingi unapata nafasi ya kupikia nje.

Ukikuta kinyesi cha panya uvunguni, usifagie kikavu. Kilowanishe kwa maji yenye sabuni au klorini, subiri kidogo, kisha ufute kwa kitambaa na unawe mikono. Usichanganye klorini na dawa ya choo yenye asidi, kwa sababu hutoa hewa inayounguza mapafu. Na usichome plastiki karibu na nyumba yenye mtoto.

Ikitokea mtoto amekunywa mafuta ya taa au amemeza betri

Usimtapishe. Mafuta ya taa hudhuru zaidi yanapoingia kwenye mapafu, na kutapika huyapeleka huko. Usimpe maziwa wala mafuta ya kula kama dawa. Mvue nguo zilizolowa, ifute ngozi yake kwa maji na sabuni, na mpeleke kituo cha afya mara moja pamoja na chupa yenyewe. Kwa betri, nenda moja kwa moja hospitali hata kama anacheza kama kawaida.

Hatua ya pili: vitu vinavyokula muda wako

Kila kitu kilichomo ndani kinadai kazi: kufutwa vumbi, kufuliwa, kusogezwa ili ufagie. Nyumba ya chumba kimoja yenye nguo za watu kumi huzaa rundo la kufua lisiloisha.

Chukua viroba vitatu. Cha kwanza ni cha vinavyobaki, cha pili ni cha kugawa au kuuza, na cha tatu ni cha kutupa. Fanya eneo moja tu kwa siku: leo nguo za mtoto, kesho vyombo, keshokutwa uvunguni. Nguo zisizomtosha mtoto mpe jirani mwenye mtoto mdogo, isipokuwa chache utakazozihitaji baadaye. Usitupe kitu cha mume, mama mkwe au wifi bila kuwauliza. Ugomvi wa beseni moja unaweza kuua kazi nzima.

Unapopekua, tafuta nyaraka. Weka kwenye bahasha moja isiyopitisha maji kadi ya kliniki ya mtoto, cheti chake cha kuzaliwa, kitambulisho chako cha taifa, vyeti vya shule na kadi ya bima. Bahasha hiyo ndiyo utakayoikamata ukiitwa shule, ukitafuta kazi au mtoto akiugua usiku.

Hatua ya tatu: vitu vya moyoni

Sare ya shule uliyoiacha ulipopata mimba. Gauni lisilokutosha tena. Barua, picha, zawadi za mtu mliyeachana. Hakuna sheria ya afya inayokutaka uvitupe. Jiulize tu: kitu hiki kinanipa nguvu au kinanisimanga? Kama hujui, kifunge kwenye mfuko, andika tarehe, ukiangalie tena baada ya miezi mitatu.

Kama una nguo za mtoto aliyefariki, usikubali mtu akuharakishe. Kaa nazo. Siku ukiwa tayari, fanya ukiwa na mtu unayemwamini.

Gawa kazi kwa kuitaja

Ukisema "hakuna anayenisaidia", mwenzako hasikii afanye nini. Taja kazi, muda na siku. Unaweza kusema: "Baba Neema, leo saa kumi na mbili jioni naomba umshike mtoto nusu saa nimalize kabati." Kwa mkweo: "Mama, shikamoo. Naomba Jumamosi ukae na mjukuu wako kidogo, nataka nisafishe chumba chake." Watu wengi hukubali ombi dogo lenye mwisho.

Mtoto wa miaka mitano anaweza kukunja nguo zake na kurudisha viatu mahali pake. Wavulana nao waoshe vyombo. Kumbuka tu kwamba mtoto mkubwa si mlezi wa mdogo wake siku nzima, na shule yake isiguswe.

Kuanza upya wewe mwenyewe

Muda ulioupata kwa kupunguza vitu usiujaze kazi nyingine za ndani. Hata nusu saa kwa siku ni mwanzo.

*Masomo.* Tangu Novemba 2021, serikali ya Tanzania inaruhusu wanafunzi walioacha shule, wakiwemo waliopata ujauzito, kurudi kwenye mfumo rasmi. Kama umri umesogea, ipo njia ya Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima. Asiyemaliza hatua za mwanzo za sekondari anaweza kufanya Mtihani wa Maarifa, na akifaulu akajisajili kufanya mtihani wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. Kwa ufundi, ulizia chuo cha VETA kilicho karibu. Maafisa elimu wa kata wana taarifa hizi.

*Kazi na kunyonyesha.* Mtoto anahitaji maziwa ya mama pekee kwa miezi 6 ya mwanzo. Ukitoka, kamua maziwa kwenye chombo safi chenye mfuniko. Yakiwa mahali penye ubaridi yanafaa kwa hadi saa 4. Penye joto kali yatumike mapema zaidi. Mlezi ampe mtoto kwa kikombe, kwa sababu chupa ni ngumu kusafisha. Kama umeajiriwa Tanzania Bara, sheria inakupa likizo ya uzazi yenye malipo ya siku 84, au siku 100 kwa mapacha. Ukirudi kazini, una haki ya kupewa hadi saa mbili kwa siku za kunyonyesha.

*Uzazi wa mpango.* Inashauriwa kupita miezi 24 tangu kujifungua kabla ya kubeba mimba nyingine. Unaweza kupata mimba kabla hedhi haijarudi. Ongea na mhudumu kuhusu njia inayomfaa mama anayenyonyesha mapema, kabla hujaanza masomo au biashara.

Ni uchovu au ni sonona?

Nyumba iliyovurugika si ushahidi kwamba wewe ni mvivu. Siku chache za kulia na kubadilika moyo baada ya kujifungua ni za kawaida, na mara nyingi hupita ndani ya wiki mbili. Lakini tafuta msaada kama kwa zaidi ya wiki mbili:

- una huzuni au huna hamu ya kitu chochote karibu kila siku;
- hulali hata mtoto akiwa amelala, au huwezi kuamka kabisa;
- unajiona huna thamani, au huhisi chochote kwa mtoto;
- kazi ndogo kama kuosha kikombe inakushinda.

Hiyo inaweza kuwa sonona. Ni ugonjwa unaotibika, na dawa nyingine zinatumika hata kwa mama anayenyonyesha. Sema kliniki unapompeleka mtoto kupimwa uzito, usisubiri kuulizwa. Ukipata mawazo ya kujidhuru au kumdhuru mtoto, usikae peke yako: mwambie mtu aliye karibu sasa hivi, amshike mtoto, na mwende hospitali leo.

Kama unapigwa, unatishwa au unazuiwa kutoka nyumbani, tatizo si makorokoro. Kila wilaya ina ofisa ustawi wa jamii, na vituo vingi vya polisi vina Dawati la Jinsia na Watoto. Namba 116 hupigwa bure kwa masuala ya usalama wa watoto.

Wiki yako ya kwanza

Jumatatu, hamisha mafuta ya taa na sumu. Jumanne, dawa. Jumatano, betri. Alhamisi, mwaga maji uani na ugeuze makopo. Ijumaa, kiroba kimoja cha nguo. Jumamosi, kusanya nyaraka kwenye bahasha. Jumapili usipange kitu. Lala mtoto akilala, au kaa nje upunge upepo.

Ukikosa siku moja, endelea ulipoishia. Ukiweza kufanya siku ya kwanza tu, tayari mtoto wako yuko salama kuliko wiki iliyopita.