Taraza

Kule Mulongwe, hapa Uvira, nilimkuta mama mmoja ameinamia kitambaa cha altare. Msalaba ulikuwa umekwisha. Alibakiwa na zabibu, punje kwa punje, uzi wa zambarau ukizama na kuibuka. Nilimuuliza kazi ile inaitwaje. "Broderi, baba." Neno la Kifaransa tumelizoea, nami silichukii. Lakini Kiswahili kina lake, tamu mno: taraza, na kitendo chake kutarizi.

Fungua kitabu cha Kutoka, sura ya 26, katika Biblia ya Union ya 1952: pazia la mlango wa Hema lilitiwa taraza. Sura ya 38 inamtaja Oholiabu, fundi wa kazi hiyo. Neno limetujia kwa Kiarabu, ambako tirazi ilikuwa utepe wa nguo uliotariziwa maandishi. Waarabu nao walilipata kwa Waajemi. Kiebrania humwita fundi huyo rokem, na mzizi uleule, kwa njia ya Kiarabu, ndio uliotupa tarakimu. Sindano na kalamu zimenyonya ziwa moja!

Ndiyo maana sishangai kwamba wako wasanii wa Kiyahudi leo wanaotarizi parokheti, pazia la mbele ya kabati la Torati, na kwa mkono huohuo wakapamba kurasa za Hagada, kitabu cha Pasaka.

Nilimwambia mama neno letu. Akalirudia mara mbili, polepole, akakata uzi kwa meno, akaanza punje nyingine.